Mbegu Haikai Sebuleni

Nyemo mwanangu,

Kwamba hujambo najua, maana asubuhi nimekuona ukimaliza uji bakuli mbili bila kuniangalia usoni. Na mimi sijambo, hilo nawe umeliona. Kwa hiyo salamu tuziache, tuingie kwenye maneno.

Umekwenda kumuaga shangazi yako na wenzako wa kwaya, na ninavyokufahamu hutarudi kabla jua halijazama. Baba yako yuko nje anafunga sanduku lako kwa kamba ya katani, anafunga na kufungua, eti fundo halijakaa vizuri. Mimi nimekaa mezani na lile daftari la kaunta ulilolisaza chuoni. Kesho unapanda basi kwenda Manyoni kuanza kazi ya afisa ugani, na tangu Alhamisi mimi na wewe hatujasemezana zaidi ya "chumvi iko wapi". Mtu haondoki kwao hivyo. Nilitaka tuongee kwa mdomo, lakini najijua. Nikianza kwa mdomo nitapandisha sauti, wewe utanuna, baba yako atatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawana shida yoyote. Kwenye karatasi angalau utanisikiliza mpaka mwisho.

Sitakuambia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume. Una miaka ishirini na minne. Kama hayo hukuyashika hapa, hutayashika kwa barua.

Nianze na Alhamisi, kwa sababu ndiyo iliyotukaba.

Ulisimama mbele ya ofisi ya kijiji pamoja na yule mtaalamu wa mradi, ukawa unageuza maneno yake kwa Kigogo ili wazee waelewe. Nilikaa mstari wa pili na moyo umenijaa, nakwambia kweli. Nilimpiga Mama Mika kiwiko nikamwambia, unamwona huyo, kana kwamba si yeye aliyekuogesha ulipokuwa na siku tatu. Mtaalamu akaeleza kwamba mwaka huu mashamba yote ya bondeni yapandwe mbegu moja, ule mtama mweupe wa muda mfupi, kwa sababu mnunuzi anataka mweupe mtupu. Atakayekubali atalimiwa kwa trekta na mtama wake utapakiwa kwenye lori. Asiyekubali jina lake litakatwa, ajitegemee. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi na mtu. Kisha ukaongeza la kwako, ambalo mtaalamu hakulisema, maana Kiswahili nakisikia na Kigogo nimezaliwa nacho. Ulisema mbegu za mama zetu ni mazoea tu, si kilimo.

Nikasimama. Nikauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuja kuwauliza kina mama kwa nini mtama wetu ni mwekundu. Sikumtukana mtu. Nawe ukasema, mbele ya mwenyekiti, mbele ya mchungaji, mbele ya watoto wa shule waliokuwa wanachungulia:

"Mama, kaa chini. Unaniaibisha."

Nikakaa. Wapo waliocheka, na wapo waliotazama chini kwa kunihurumia, na hao ndio walioniumiza zaidi. Jioni ukaleta fomu, umeshaijaza jina langu kwa mwandiko wako mzuri, umeacha nafasi ya sahihi tu. Ukasema mwisho ni Jumatatu. Baadaye nikasikia kwa mwenyekiti kwamba ulikuwa umeshamwahidi mtaalamu kuwa mama yako atakuwa wa kwanza kutia sahihi.

Nilikasirika. Bado nimekasirika, usidhani barua hii ni ya kukubembeleza. Lakini neno lako lile halikuwa geni kwangu. Nililitambua palepale. Nimewahi kulitumia mimi mwenyewe, kwa mtu aliyenizidi umri kuliko mimi ninavyokuzidi wewe, na ndiyo habari ninayotaka kukupa kabla hujaondoka. Sehemu yake unaijua. Sehemu nyingine nimeificha miaka yote kwa sababu inanivua nguo.

Wewe hukuikuta tembe. Nilipoolewa hapa tuliishi wote kwenye tembe ya babu yako, nyumba ya udongo hadi paa, na jiko lilikuwa mle mle ndani. Juu ya mafiga, darini, bibi yako alining'iniza masuke ya mtama mwekundu, yale makubwa yenye shingo iliyopinda, ambayo aliyachagua mwenyewe shambani kabla mtu yeyote hajaanza kuvuna. Moshi uliyapiga mwaka mzima mpaka yakawa meusi tii. Hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Mwaka wa shida tulilala na mlenda mtupu huku masuke yananing'inia juu ya vichwa vyetu, na mtoto aliyeyatazama sana aliambiwa atoke nje akacheze.

Kisha baba yako akauza ng'ombe, tukajenga nyumba ya bati. Ilikuwa ya pili kijiji kizima. Wewe ulikuwa bado unatambaa. Sebule ina sakafu ya saruji, ina viti, na vitambaa vya viti nimevifuma kwa mkono wangu. Jiko tukalitoa nje, na mimi nikaanza kupikia mkaa ili kuta zisishike masizi. Bibi yako akahamia nasi, amekumbatia masuke yake kifuani, akauliza yatakaa wapi. Nikamwambia yatakaa pembeni ya kabati, sebuleni, ndipo pakavu na hapana panya. Akasema mbegu haikai sebuleni, mbegu inataka moshi. Siku hiyo nilikuwa natarajia wageni wa kanisani waje kuibariki nyumba, na masizi yalikuwa yameshaanza kudondoka kwenye sakafu yangu mpya.

Nikamwambia, "Mama, usinitie aibu mbele ya wageni."

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kubishana. Alikaa. Nikayapura masuke yote mimi mwenyewe, nikapepeta masizi, punje zikatoka nyekundu safi, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga mdomo. Niliona nimeupa mtama heshima. Shuleni nilifundishwa methali ya usiache mbachao kwa msala upitao, nikaijibu kwenye mtihani na kupata vema, halafu nikaja kuiacha mbachao mchana kweupe.

Mwezi wa kumi na moja nikaufungua ule mfuko. Fukusi. Mfuko ulikuwa na joto hata kwa nje, na ndani mlikuwa na vumbi na maganda, kila punje ina tundu. Macho ya bibi yako yalikuwa yameanza kufifia wakati ule, hakuona. Akaingiza mkono mfukoni mpaka kwenye kiwiko, akaukoroga unga ule taratibu, akautoa. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Akaomba maji ya kunawa, akanawa, akaenda kulala, na ilikuwa bado saa tano mchana.

Mbegu ile aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa wa kwake. Wazee wetu walizipa njaa majina, kila njaa na jina lake, na kila moja ilipokwisha palikuwa na mwanamke aliyebaki na masuke machache juu ya moto. Njaa zote zile zilishindwa kuimaliza. Nikaimaliza mimi kwa ajili ya sakafu. Mkataa kwao mtumwa, ndivyo wanavyosema, na mimi nilikuwa mtumwa wa saruji.

Sasa sikia nililolificha. Mama Mika unayemjua wewe ni yule anayekuletea karanga za kukaanga kila ukirudi likizo. Zamani mimi na yeye hatukuwa na maneno mazuri, na kosa lilikuwa langu. Yeye alibaki kwenye tembe, na mimi mwenye sebule niliwahi kusema kwenye kikundi cha akina mama kwamba kwa Mama Mika hata chai inanuka moshi. Watu wakacheka. Maneno yakamfikia, si unakijua kijiji. Na katika nyumba zote za hapa, ni yeye peke yake aliyekuwa na mbegu ileile, kwa sababu bibi yako ndiye aliyempa alipoolewa.

Kwetu hapa mbegu ya namna hiyo hainunuliwi, wala haitumwi kwa mkono wa mtu. Anayeitaka anakwenda mwenyewe, anaingia jikoni, anakaa chini, anaomba kwa mdomo wake. Nilizungukazunguka siku nne. Siku ya tano nikaenda. Mama Mika akanikaribisha kwenye kigoda karibu kabisa na moto, kisha akaongeza kuni mbichi, makusudi, na mpaka leo hajakana. Akanipa chai. Nikainywa yote. Akaanza habari za mbuzi, za binamu yake mwenye kiduka kule Chang'ombe, za mguu unaomsumbua, na mimi machozi yananitiririka kwa moshi, naye hanipi hata upenyo wa kusema lililonileta. Mwisho nikamkatiza. Nikasema, dada, nimeua mbegu, naomba mbegu.

Akanyoosha mkono darini, akashusha masuke mawili.

"Sikupi wewe," akasema. "Nampa mama mkwe wako. Wewe ni mbebaji tu."

Niliumia, lakini hakukosea. Niliporudi nyumbani nilimwambia baba yako anijengee jiko la kuni lenye dari, na ndilo hilo unalolilalamikia kwamba linakuharibia nywele. Masuke mawili nikayapanda nyuma ya zizi, kieneo kidogo, nikayalinda na ndege, na mbuzi, na wewe mwenyewe, maana ulikuwa unang'oa kila kilichochipua. Bibi yako alifariki kabla mtama haujatoa masuke. Hakunisema hata siku moja, na hakuniambia amenisamehe. Sijui. Nimezeeka sijui.

Ungedhani nimejifunza. Nilijifunza nusu. Kwa uchungu ule nikawa mkali wa mambo ya kale kuliko wazee wenyewe. Redio ikitaja mvua, naizima. Nikawa natazama nyota za kilimia, natazama migunga inavyochipua, nasikiliza upepo umegeukia wapi, kama bibi yako alivyokuwa akifanya. Mwaka mmoja dalili zote zikakaa sawa. Redio ikasema mvua itaanza vizuri kisha itakatika. Nikamwambia baba yako, redio hiyo imezaliwa juzi, haijui Ugogo. Nikapanda mbegu yote kwa siku mbili, sikubakiza hata kibaba. Mvua ikaja kama nilivyosema, nikajisifu mpaka kisimani. Halafu ikakatika wiki tano. Ulikuwa darasa la nne. Ndio ule muhula uliokaa kwa shangazi yako ukaambiwa eti anahitaji mtu wa kumsaidia kazi. Hakuhitaji mtu. Hapa hapakuwa na chakula, na aliyesababisha ni mimi na nyota zangu. Nikarudi tena kwa Mama Mika, kwenye kigoda kilekile.

Baada ya mwaka ule ndipo nilipokumbuka kitu nilichokuwa nakiona kila msimu bila kukitilia maanani. Bibi yako alikuwa anatazama nyota, ndiyo, lakini hakuziamini. Sehemu moja ya mbegu aliipanda mavumbini kabla ya mvua. Ya pili aliingoja ardhi ilowe. Ya tatu aliibakiza juu ya moto, hata majirani wote wakiwa wameshamaliza na wanamcheka. Kwenye kichanga aliweka uwele, kwenye udongo mzito mtama, kunde chini yake, na visiki vya miti hakung'oa, alivipogoa tu vichipue tena. Hakujua mvua itanyesha lini. Alijua kwamba hajui, na alilima kama mtu asiyejua. Mimi nikaziokota nyota, nikakiacha kibaba cha akiba.

Kwa hiyo usiniweke kwenye kundi la wazee wanaokataa kila kipya, sitakubali. Mbegu yako nyeupe uliyoniletea ukiwa mwaka wa kwanza chuoni, nani aliipanda kijijini hapa kabla ya mtu mwingine? Nimeipanda shamba la juu misimu mitatu, na mwaka juzi mvua ilipokatika mapema ndiyo iliyotulisha. Nalisema hilo mbele ya yeyote. Siku hizi redio naisikiliza, ujumbe wa hali ya hewa kwenye simu nausoma, baba yako shahidi. Lakini mwaka jana ulikuwa chuoni, hukuona kwelea kwelea walipoingia. Walitua kwenye mweupe asubuhi, saa nne yamebaki mabua. Mwekundu waliuonja wakautema, maana ni mchungu, na lile suke limeinama, ndege hapati pa kukanyaga. Tukala ugali mweusi, na wewe uliporudi likizo ukasema rangi yake haipendezi, huku unaongeza.

Siipingi mbegu yenu. Ninalolipinga ni neno "yote". Mashamba yote, mbegu moja. Mnatuambia tabianchi imebadilika, mvua haitabiriki tena, nami naitikia kwa kichwa, kwa sababu nimeyaona haya kabla hamjayapa jina. Kisima alichokuwa akiteka bibi yako kimekauka. Kilimia siku hizi kinadanganya. Halafu mkishasema hakuna ajuaye mvua itakavyokuwa, mnamalizia kwa kutuambia tuweke kila kitu kwenye mbegu moja. Hapo ndipo nilipotaka kuuliza Alhamisi. Nionyesheni mwaka ambao Mungu aliahidi mvua ya aina moja. Ndilo lililokuwa swali langu, na sikulimaliza.

Watu wengine wamechoka kubishana, wanatuona kichekesho tu. Ukisimama nyuma ya zizi letu jioni unaona taa za mji kule Ihumwa, na kila mwaka zinasogea. Wanapita vijana na magari wanapiga picha, wanatuuliza tunangoja nini, kilimo cha kutegemea mbingu kimekufa, twende Nzuguni tukauze maandazi. Mimi huwa nawauliza maandazi hayo watakula na nini, na ugali wao unatoka wapi. Tumekufa mara nyingi sana kwenye midomo ya watu, Nyemo. Kila ukame wanatuzika. Mwezi wa tano wanakuja kuomba mtama.

Unakumbuka nilivyokufundisha kupanda? Ulikuwa na miaka sita. Mimi natangulia na jembe, napiga shimo, wewe unafuata na kibuyu, unadondosha punje, unafukia kwa dole gumba la mguu. Ukifukia sana nakurudisha. Ukifukia kidogo kuku wanakufundisha wenyewe. Ulijua kwa mguu udongo upi una unyevu chini na upi unadanganya, na ulikuwa hujui hata kuandika jina lako. Uliponiambia Alhamisi kwamba hayo ni mazoea, nilijiuliza ulilipoteza wapi lile dole gumba. Chuoni hawakulichukua, walimu wako ni watu wazuri, nimewapikia. Nadhani uliliacha mwenyewe siku ulipoona wenzako wa mjini wanakutazama, kama mimi nilivyoona wageni wa kanisani wanatazama sakafu yangu. Sikulaumu kwa hilo. Nakujua kwa sababu najijua.

Huko uendako utasimama mbele ya watu, nao watakuita mtaalamu. Utakutana na mwanamke kama mimi, domo kaya, amesimama mkutanoni na swali refu. Usimwambie akae. Mwache amalize, hata kama anakosea. Na atakosea, sisi tunakosea sana, nimekuandikia makosa mawili tu na ninayo mengine. Ukifika kwake, kabla hujafungua kishikwambi, omba kuingia jikoni, tazama juu ya moto, umuulize vilivyoning'inia ni vya nani na vilitoka wapi. Macho yatakuwasha. Utarudi ofisini unanuka moshi na wenzako watakucheka. Wacha wacheke, hawatakufa wala wewe hutakufa.

Baba yako alijaribu kunilainisha kwa njia yake. Alisema mtoto ataonekana hana neno mbele ya wakubwa, wewe tia sahihi tu, kisha utapanda unachotaka. Nikamwambia sahihi yangu ni moja na sijaizoeza uongo. Leo baada ya ibada nimemrudishia mwenyekiti fomu yako, bila sahihi, nikamwambia kwa heshima zote akate jina. Ahadi uliyoitoa ilikuwa yako, mwanangu, hukuniuliza. Pole kwa itakavyokugharimu. Sisemi hivyo kwa kejeli, nakupa pole kweli.

Najua ninachokichezea. Trekta halitaingia kwangu na lori halitasimama. Ikiwa wenzangu wamepatia na mimi nimekosea, mwezi wa pili nitakuwa natazama bonde zima limesimama kijani, na kwangu mabua. Hakutakuwa na wa kumlaumu. Naogopa, Nyemo. Naogopa sana, maana nimeshaona sura ya baba yako akila mara moja kwa siku ili wewe ule mara mbili. Naogopa na sahihi sitii.

Utaona kwamba sijakufungia mbegu kwenye sanduku. Shangazi yako ataniuliza, maana akina mama wa hapa humfungia binti anayekwenda kukaa mbali. Sijasahau. Mbegu hapewi anayeionea aibu, itamfia mkononi kama ilivyonifia mimi. Siku ukiitaka utakuja mwenyewe, utaingia jikoni kwangu, utakaa, utaomba kwa mdomo wako. Nami nitaongeza kuni mbichi, ujiandae. Ukinikuta sipo duniani, nenda kwa Mama Mika, na chai akikupa unywe yote.

Nakupenda kuliko mtama wote wa bonde lile. Ulinivunja moyo Alhamisi, na bado unaniuma ninavyoandika, na kesho nitashika upande mmoja wa sanduku lako mpaka barabarani nikiwa naumia hivyohivyo. Sitakuomba uniombe radhi. Lakini ukiamua kuniamkia kesho kama mtoto wa watu, nitaitika.

Jambo la mwisho. Jana nilikusikia kwenye simu ukimwambia yule mtaalamu kwamba mama bado anafikiria, apewe siku chache. Mpigie tena. Asubuhi tatu hizi ulidhani nakwenda kutafuta kuni, wala hukushangaa kwamba kuni hukuziona. Nilikuwa bondeni na jembe la mkono, na leo Jumapili pia, Mungu na mchungaji wanisamehe. Ardhi imekauka, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na mbinguni hakuna hata wingu la kumdanganyia mtoto. Nimefukia mtama mwekundu ekari nzima. Ukingoni nimeacha hatua ishirini za kunde, mtama wangu usije ukachanganyika na wa wenzangu, maana sina ugomvi nao. Alfajiri ya leo Mama Mika amenikuta bado nina mistari sita. Akasimama, akatazama. Akarudi kwake kuchukua jembe.

Kwa hiyo usiniombee siku kwa mtu, wala usinitafutie maneno mazuri. Mwambie mama hafikirii tena. Ameshapanda.

Mama yako